Sahihi Niliyotia Foleni ya Malaba

Amoit binti yangu,

Yoga. Nakusalimu kwa barua na wewe uko chumba cha pili, nasikia hata unavyopumua. Nimejaribu wiki nzima kukuambia kwa mdomo. Kila nikianza natoa maneno mengine, kama umefunga sweta, kama umechaji simu. Sasa naandika. Mwandiko wangu unaujua, ni wa mtu aliyeishia darasa la saba, kwa hivyo usicheke, soma tu mpaka mwisho.

Mambo ya kula vizuri na kwenda kanisa huko Eldoret sitayaandika. Una miaka ishirini na miwili. Nilikuzaa nikiwa na kumi na sita, tumekua karibu pamoja, na mambo hayo tulifundishana kwa zamu. Ninalo jambo moja tu. Ni la baba yako, lakini ukilifunua ndani ni langu.

Kesho unaenda kushika usukani. Ni kanta, lori dogo tu, si trela, lakini barabara ni ile ile na wakaguzi wa barabarani ni wale wale. Majuzi ulipopata hiyo kazi baba yako alikuuliza kama umeliona gari lenyewe, kama umeziangalia breki. Ukamjibu, "Baba, mimi siwezi kuendesha gari nikijua breki ni mbovu." Ulisema kwa upole, hata hukumwangalia. Yeye akacheka kidogo, akachukua fimbo yake ya kutembelea, akatoka nje kumwangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote. Mimi nilikuwa nachambua omena. Niliendelea kuchambua omena.

Amoit, baba yako hakujua breki ni mbovu. Siku karatasi ya ukaguzi ilipoandikwa breki hazikuwa mbovu. Na ile sahihi iliyo chini ya karatasi, ambayo kila mtu anasema ni ya baba yako Okiring, niliitia mimi.

Haya, nimeandika. Mambo makubwa siku hizi yananipita vile malori yanapita hapa barabarani, kikombe kinalia kidogo mezani halafu kinanyamaza.

Unajua nilikuwa nauza chai kwenye foleni. Kazi yangu ya pili huijui vizuri, ulikuwa mdogo, na baadaye nilihakikisha haizungumzwi. Foleni ya Malaba wakati ule ilikuwa inaanza getini kwa forodha, inarudi nyuma mpaka kupita Amagoro. Dereva anaweza kukaa hapo siku mbili, siku tatu. Anachoka, anataka kulala, anataka kuoga, anataka kwenda kwa wakala kuuliza karatasi zimefika wapi. Lakini lori haliwezi kubaki bila mtu, kwa sababu foleni ikisogea na wewe hujasogea, nyuma wanapiga honi na mmoja anachomeka pua ya lori lake hapo. Ukishapitwa umepitwa, hakuna mahali pa kushtaki. Kwa hivyo dereva akikuamini anakuambia, "Nishikie." Unapanda, unakaa kwa usukani, na mbele wakisogea, unasogea. Gia ya kwanza, hatua chache, breki, upepo unatoka psss, unangoja tena.

Nilijifunzia lori la baba yako. Alinifundisha mwenyewe akicheka, aliniita Dereva wa Mita Kumi. Leseni sikuwa nayo, na hakuna aliyeuliza. Nilikuwa nashikia malori ya watu wengi, wengine Waganda, wengine watu wa Mombasa, na niliona raha, siwezi kukudanganya. Msichana aliyetolewa shule kwa sababu ya mimba amekaa juu pale, anaangalia vichwa vya watu.

Siku hiyo ilikuwa mchana wa jua kali, wewe uko shule. Baba yako alikuwa ameenda ofisini kwa wakala kwa sababu muhuri mmoja haukuonekana vizuri. Mimi niko kwa usukani. Foleni ilikuwa mistari miwili, na kushoto kwetu kulikuwa na trela lingine limesimama karibu sana, mtu hawezi kupita hapo katikati bila kujikunja. Wakaguzi wawili wakaja wanatembea na mbao zao za kuandikia. Mmoja akagonga mlango wangu.

"Dereva ni nani?"

Nikafikiri haraka. Nikisema ni mume wangu, ataniuliza mimi nafanya nini hapo juu bila leseni. Nikasema, "Ni mimi."

Akacheka. "Wewe? Haya, dereva, kanyaga breki tuone."

Nikakanyaga. Nikaachia. Upepo ukatoka kama kawaida yake. Lakini trela la jirani nalo lilikuwa linatoa upepo, na lenyewe halikuwa linanyamaza, ssss, ssss, tangu asubuhi. Mkaguzi akajikunja hapo katikati ya matela mawili, akategea sikio, akaandika. Akarudi.

"Tela yako inavuja upepo. Nyuma kushoto."

"Haivuji, afande. Labda ni ile ya jirani."

"Unataka kunifundisha kazi, mama?"

Na hapo hapo foleni ikasogea. Lori la mbele liliondoka, pengo likafunguka mbele yangu. Nyuma wakaanza honi. Dereva mmoja akatoa kichwa dirishani, "Mama Chai! Songa ama utoke! Hapa si hoteli!" Watu wakacheka. Mwingine akaanza kukata usukani aingie pale. Mkaguzi akaniwekea ubao dirishani na kalamu juu yake. "Weka sahihi uende. Ni karatasi tu, mtarekebisha baadaye."

Nikaandika Okiring. Mahali pa jina, Okiring, mahali pa sahihi nikachora kitu. Sikusoma hata mstari mmoja. Nikasogea nikafunga pengo, yule aliyetaka kuingia akanitukana na mimi nikamtukana, na nilikuwa nimefurahi. Nilikuwa nimelinda nafasi ya mume wangu.

Ndivyo tulivyokuwa, Amoit, si mimi peke yangu. Muulize dereva yeyote aliyekaa foleni ile. Mtu alikuwa yuko tayari kutia sahihi kwamba lori lake halina magurudumu kabisa, mradi asipoteze nafasi. Tulikuwa tunaona karatasi ni kitu cha kupita, kama vumbi. Tuliogopa honi kuliko karatasi.

Mkaguzi alinipa nakala. Nikaikunja nikaiweka ndani ya lesso nimwonyeshe baba yako. Aliporudi alikuwa amekasirika kwa sababu ya ule muhuri, nikaona ningoje jioni. Kabla ya jioni foleni ikafunguka akavuka kwenda Uganda. Ile nakala nikawashia jiko. Sikuwa na ubaya moyoni, mama. Moto ulikuwa unakataa kushika, na karatasi ndiyo iliyokuwa karibu.

Lakini kulikuwa na nakala nyingine, na hiyo ilienda kwa tajiri, mwenye gari. Baba yako aliporudi kutoka Kampala na kahawa ya kupeleka Mombasa, aliingia yadi ya Busia akakuta fundi anamngoja na spana. Alinipigia simu siku hiyo. Maneno yake nayakumbuka yote.

"Sabina, hawa wanasema breki za tela zifunguliwe. Sijui nani amemwambia tajiri zina shida. Mimi nimekuja nazo toka Kampala, ziko sawa kabisa."

Hapo ndipo, mwanangu. Siku ya foleni nilikuwa na haraka, nilikuwa na hofu, naweza kujisamehe kidogo. Siku ya simu sikuwa na haraka yoyote. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda. Ningesema, Okiring, ni mimi, nilitia sahihi, nilidhani ni kitu kidogo, mwambie fundi asifungue. Lakini nilijua atanigombeza kwa kuandika jina lake. Nikasema, "Labda ni servisi tu."

Akasema, "Haya."

Fundi huyo alinieleza mwenyewe alichofanya, kama miaka miwili baadaye. Alikuwa anakunywa chai yangu, hanijui mimi ni nani, anapiga hadithi na wenzake. Alisema, "Kuna siku nililetewa tela na karatasi ati inavuja. Nimeisikiliza, nimeipaka sabuni, haivuji. Sasa nitamwambia tajiri nimefanya nini siku nzima? Nikatoa chemba ya breki, nzima kabisa, iliyokuwa nyuma kushoto, nikaweka nyingine ya tela iliyochakaa, ili ionekane nimebadilisha." Wenzake wakacheka. Nikamuongezea chai. Alikuwa ameniomba nimuongezee.

Kwa hivyo gari zima lilitibiwa ugonjwa ambao halikuwa nao, na likaugua kutokana na dawa.

Yaliyotokea kwenye mteremko wa Timboroa unayajua, kwa sababu hayo watu wanayasema. Kitu ambacho hawasemi ni kwamba baba yako alipoona breki za tela hazishiki aliacha kushindana na barabara. Upande mmoja kulikuwa na vibanda vya kuuza viazi na watu wamesimama, upande mwingine ukuta wa udongo. Alielekeza kwa udongo. Hakuna aliyeumia ila yeye, akapoteza mguu.

Walikuja kumhoji hospitalini. Mimi nimekaa kando ya kitanda na kikombe cha uji. Wakatoa ile karatasi. Mmoja akasema, "Okiring, uliambiwa breki za tela ni mbovu. Hii hapa, umetia sahihi. Kwa nini ulienda barabarani?"

Baba yako akaishika. Akaiangalia muda mrefu sana. Hakuniangalia mimi.

"Hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu," akasema.

Nilijiambia ni dawa za maumivu, haoni vizuri. Wazo hilo nililishika miaka kumi na moja. Ile kazi ya fundi haikuandikwa popote, tajiri hakuwa na risiti, fundi alikataa kwamba aliwahi kuigusa tela. Kwenye karatasi kulikuwa na ugonjwa bila dawa, na mgonjwa amekiri. Leseni ikachukuliwa. Tukahama Malaba tukarudi huku Amukura kwa shamba la baba yake, na mimi nikawa naenda Malaba asubuhi na thermos zangu, narudi jioni. Wewe ulikuwa darasa la tano. Ulikuja siku moja ukasema watoto wanakuita Breki. Nikakuosha miguu nikakupa chakula. Sikukuambia kitu. Ukaamini walichosema, ungeamini nini kingine?

Sikulia siku hizo, na watu walisema mke wa Okiring ana moyo mgumu. Haukuwa mgumu. Ni kama mguu ulioukalia vibaya, unajua ni wako lakini ukiugusa husikii.

Kushikia malori niliacha. Chai sikuacha. Na bila kupanga nikaanza tabia moja. Nikiona mkaguzi anasimama na dereva, naweka thermos chini naenda. Mwanzoni walinifukuza. Baadaye wakanizoea, wakaniita Wakili wa Chai. Sikuwa na elimu yoyote ya magari. Nilikuwa na neno moja tu, "Nionyeshe."

Kulikuwa na Mganda mmoja, Ssebo, yaani bwana, mnene mwenye roho nzuri, lori lake fupi la ekseli mbili. Akaandikiwa tairi kipara, ekseli ya tatu, kulia. Alikuwa ameshashika kalamu, honi zinalia nyuma. Nikamwambia, "Ssebo, ngoja. Umesoma?"

"Nnyabo, nimechoka. Acha nisaini nivuke."

Nikamgeukia mkaguzi, kijana tu wa umri wako. Nikasema, "Afande, samahani, tuonyeshe hiyo ekseli ya tatu, apige picha."

Kijana akazunguka lori. Akahesabu. Akarudi nyuma akahesabu tena. Madereva wakashuka, mmoja akasema, "Afande, angalia chini ya kiti, labda imejificha!" Mwingine akasema, "Imeenda kunywa chai kwa Mama Amoit!" Watu wakacheka mpaka wakaegemea malori. Yule kijana akaona haya. Lakini nikuambie, hakukasirika. Alipangusa jasho akasema, "Mama, tangu saa kumi na mbili naandika. Hii ni ya lori lile la mbele." Akaikata, akaandika nyingine safi. Halafu akaniomba chai.

Hapo ndipo nilipojua mkaguzi si simba. Wengi ni watu wamechoka na jua, wanaandika wakitembea. Kuna mbaya, ndiyo, utakutana nao, na huyo ukimwambia nionyeshe atakutisha kwamba atakulaza hapo mpaka jioni. Basi lala hapo, Amoit. Lala mpaka jioni. Ukibanwa kabisa na lazima uweke sahihi, andika kando yake kwa mkono wako kwamba hukubali, na hukuonyeshwa. Na ukimwambia mwenye gari, mwambie siku hiyo hiyo, kabla fundi hajashika spana. Hayo hayakuwa kichwani mwangu tangu zamani. Kila moja nililipata baada ya kulikosa.

Sasa ile jioni ya omena, ulipomwambia baba yako maneno yale, sikulala. Asubuhi nilienda Malaba, thermos nikaziacha kwa jirani, nikaingia kwa Bi Rehema, yule mwenye duka la fotokopi karibu na msikiti, anayewajazia watu fomu. Nikamwambia nataka kupinga karatasi ya ukaguzi. Akauliza ya lini. Nikamwambia. Akavua miwani.

"Mama Amoit, hiyo imeoza. Siku za kupinga zilipita zamani."

"Hakuna njia?"

"Kupinga hakuna. Kuomba rekodi irekebishwe, unaweza kujaribu. Kuomba si dhambi. Lakini lazima uonyeshe kuna kosa, si kulia tu."

Tuliandika ombi la kupewa nakala. Nilienda ile ofisi mara tatu. Mara ya tatu mama mmoja wa faili alinihurumia, akaingia ndani akakaa sana, akatoka na vumbi kwa sketi na karatasi yangu mkononi. Nikarudi nayo kwa Bi Rehema. Tukakaa. Nikaisoma, Amoit, mara ya kwanza. Miaka kumi na moja, na sijawahi kuisoma.

Namba ya kichwa cha lori ilikuwa sawa. Bi Rehema akaweka kidole chini, kwenye namba ya tela. "Na hii? Tela ya mume wako ilikuwa hii?"

Namba ya tela ya baba yako naijua vile najua jina lako, niliiosha kwa kitambaa kila wiki. Haikuwa hiyo. Mkaguzi alijikunja katikati ya matela mawili, akasikia upepo wa jirani, akaandika namba ya jirani. Kichwa chetu, tela ya mtu mwingine. Iliandikwa hapo wazi, kwa herufi kubwa, tangu siku ile. Ningesoma mstari mmoja, honi zilie zinavyotaka.

Bi Rehema alifurahi, akapiga meza. "Hili ndilo kosa! Hili wanaweza kurekebisha!" Mimi sikusikia furaha wala uchungu. Nilikuwa naangalia lile jina, Okiring, kwa mwandiko wangu wa darasa la saba.

Halafu akasema, "Lakini watauliza kwa nini dereva alitia sahihi kwa tela isiyo yake. Utajibu nini?"

Nikamwambia ukweli. Alienda kufunga mlango wa duka ingawa kulikuwa na wateja. Akasema, "Ukiandika hivyo unajishika mwenyewe. Ulikuwa kwa usukani bila leseni, uliandika jina la mtu. Wanaweza kukuuliza hayo. Tuseme tu mkaguzi alikosea namba, tuache sahihi ilivyo."

Nilimwambia nitarudi.

Sahihi ikibaki ilivyo, baba yako atakuwa dereva ambaye tela ilikosewa namba, lakini bado ni yeye alikuwepo, ni yeye hakusoma, ni yeye alijua kuna shida akanyamaza. Nusu ya uongo ingebaki juu yake. Na fomu pia ilihitaji kitambulisho chake, singeweza kwenda bila yeye kujua.

Alhamisi, wewe ulipokuwa umeenda Funyula kumuaga nyanya yako, tulikuwa tunabambua njugu, mimi na yeye. Nikamwambia, "Okiring, ile sahihi ya breki ni mimi."

Aliendelea kubambua. Akasema, "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu hospitalini. Wewe unafikiri mtu hajui sahihi yake?"

"Na ukasema ni yako."

"Ningesema si yangu, wangeuliza ni ya nani. Wangekushika, na mimi niko kitandani na mguu mmoja. Amoit angebaki na nani?"

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia hata nyumbani, miaka yote. Akasema, "Nilikuwa nangoja uniambie wewe. Halafu ikapita muda, nikaona ukiniambia utaumia bure." Akapuliza maganda ya njugu kutoka mkononi. Akasema, "Lakini mtoto aliposema vile majuzi, hiyo iliniuma, Sabina. Hiyo sitakuficha."

Ni hayo tu aliyosema. Tukamaliza njugu. Ndizo zile nimekufungia kwenye kopo.

Sikuandikii ili umwonee huruma, hataki. Na sikuambii umwambie nini asubuhi, wewe ni mtu mzima na maneno yako yako mdomoni mwako. Nilitaka tu usiondoke hapa ukiendesha gari kwa kumkimbia mtu ambaye hayupo. Hakuwahi kuwepo dereva aliyejua breki ni mbovu akaenda. Kulikuwa na dereva aliyeuliza fundi kwa nini anafungua breki nzuri, akampigia mkewe simu kuuliza, na mkewe akamdanganya.

Mimi nina tumaini, unanijua. Jumanne wametuita ofisini, mimi na baba yako, kusikilizwa. Labda watarekebisha, labda watasema muda umepita waturudishe nyumbani. Labda nitaulizwa mimi mambo mazito. Leseni haitamrudishia mguu, na hata wakimpa hataweza kuendesha. Anataka tu jina litoke pale. Leo mchana ametoa shati jeupe akalinyoosha mwenyewe kwa pasi ya makaa, akasema Jumanne tutaenda mapema tusikute foleni. Tukaangaliana. Nilicheka, na yeye akacheka, na ilikuwa ajabu kidogo kusikia hiyo sauti humu ndani.

Jana, kabla ya kupeleka fomu na kupewa hiyo Jumanne, nilirudi kwa Bi Rehema kuimalizia. Kuna mahali wanauliza anayeleta ombi ni nani kwa dereva. Bi Rehema, kwa kunisaidia, alikuwa ameshaandika hapo, mke. Nikamwomba afute. Akaniangalia, akauliza, "Una hakika, Mama Amoit?" Nikamwambia anipe kalamu, hapo niandike mwenyewe. Nikaandika polepole, ili mtu yeyote aweze kusoma: mimi ndiye niliyetia sahihi.

Mama yako,
Sabina